Homuweki ya aljebra hatua kwa hatua: acha kuvusha namba, fanya pande zote mbili

Juzi saa mbili usiku binti wa dada yangu kaja jikoni na daftari kalifunika kwenye kanga, maana huku Uyole, Mbeya, mwezi wa sita baridi haina huruma na karibu na jiko la mkaa ndo sehemu pekee ndani ya nyumba ambapo vidole vinaweza kushika peni. Yuko fomu wani. "Mamdogo, hebu niangalizie, jibu langu ni lilelile la mwenzangu lakini yeye kapewa vema mimi nimepewa nusu." Nikafungua. Swali lilikuwa 3x + 7 = 22, yeye kaandika hivi:

3x + 7 = 22 − 7 = 15 ÷ 3 = 5

Jibu 5 ni sawa kabisa. Shida iko kwenye huo mstari wenyewe. Nikamwambia mwanangu, soma ulichoandika kwa sauti, afu uniambie kama unakiamini. Akasoma: ishirini na mbili toa saba ni sawa na kumi na tano gawanya kwa tatu, ni sawa na tano. "Sasa 15 ni sawa na 5?" Akanyamaza, akacheka kidogo, akachukua ufutio.

Naanzia hapa kwa sababu watoto wengi niliokaa nao, wa dada, wa majirani, hata wale wa kanisani wanaokuja jumamosi, wana shida hiyohiyo na siyo x inayowasumbua. Ni ile alama ya =. Toka darasa la kwanza wamezoea kwamba = maana yake "haya toa jibu", kama kubonyeza kalkuleta. Kwenye aljebra haisemi hivyo. Inasema kilichopo kushoto na kilichopo kulia ni kitu kimoja kwa uzito. Mtu aliyeileta hiyo alama ya mistari miwili ni Robert Recorde, mtu wa Wales, mwaka 1557, na sababu aliyoitoa ni kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko mistari miwili pacha inayokwenda sambamba. Kwa hiyo ukiiandika unatoa ahadi, pande mbili zinalingana, na kila mstari mpya unaouandika chini yake lazima ahadi iwe bado ipo.

Mimi nauza nafaka na bado natumia ile mizani ya sahani mbili na mawe, sijahamia kwenye ya betri. Basi tukaiweka mezani. Chukulia una vifuko vitatu vya mchele wa Kyela vyenye uzito mmoja usioujua, kila kimoja kiite x. Viweke sahani ya kushoto pamoja na mawe ya kilo 7. Sahani ya kulia weka mawe ya kilo 22. Mizani imetulia. Sasa unataka kujua kifuko kimoja kina kilo ngapi, utafanyaje? Hata mtoto wa darasa la tatu atakwambia toa yale mawe ya kushoto. Ukiyatoa kushoto tu, mizani inalala kulia. Ili itulie lazima na kulia utoe kilo 7. Zinabaki vifuko vitatu kushoto na kilo 15 kulia. Afu gawa kila upande mafungu matatu, kifuko kimoja kilo 5. Kwenye daftari inaandikwa hivi, kila hatua na mstari wake, alama za = zimekaa moja chini ya nyingine kama vifungo vya shati:

3x + 7 = 22
3x + 7 − 7 = 22 − 7
3x = 15
3x ÷ 3 = 15 ÷ 3
x = 5

Mistari mitano. Mtoto ataona ni mingi, mwache aone hivyo hivyo, aandike. Baada ya wiki mbili tatu ule mstari wa pili na wa nne ataanza kuuruka mwenyewe kwa sababu kichwa kinaufanya, na hapo ni sawa. Akiuruka kabla kichwa hakijauzoea ndo makosa yanaingilia hapo.

Akaniuliza, "Sasa mamdogo, mbona sisi tumeambiwa tuhamishe tu? Namba ikivuka inabadili alama." Na mimi nilifundishwa hivyo, nakumbuka kabisa, na kwa miaka miwili ya sekondari nilikuwa navusha namba kama mtu anavusha ng'ombe mto bila kujua kwa nini wakifika ng'ambo wanabadilika rangi. Hiyo njia inafanya kazi kwa kujumlisha na kutoa. Shida yake inakuja kwenye 3x = 15. Mtoto aliyekariri "ikivuka inabadili alama" anaiona ile 3, anaivusha, inakuwa −3, anaandika x = 15 − 3 = 12. Nimeliona kosa hilo kwenye madaftari mengi mno, na mtoto hana kosa, katii sheria aliyopewa. Ukweli ni kwamba hakuna kinachovuka. Ile 3 imeshikana na x kwa kuzidisha, ya kuiachanisha ni kugawanya, na unagawanya pande zote mbili. Ile 7 imeshikana kwa kujumlisha, ya kuiachanisha ni kutoa, na unatoa pande zote mbili. Ni hilo tu kwenye aljebra yote ya fomu wani, nasema kwa dhati kabisa.

Na ndo maana ya jina lenyewe. Aljebra imetoka kwenye Kiarabu, al-jabr, kurudishia kilichopungua au kilichovunjika, hata kazi ya muunga mifupa wanaiita kwa neno hilo. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyekuwa Baghdad karne ya 9, alilitumia kwa hatua moja maalumu: upande mmoja kuna kitu kimetolewa, unakirudishia, na ukirudishia huku unaongeza kiasi hichohicho na kule. Miaka elfu moja na mia mbili hivi iliyopita watu walikuwa tayari wanafanya pande zote mbili.

Sasa swali linalofuata watoto huuliza, nianze kutoa kipi? Kwenye 3x + 7 mbona nisianze kugawanya kwa 3? Unaweza, ila itabidi ugawanye kila kitu pamoja na ile 7 na utapata sehemu zisizo na kichwa wala miguu. Mimi huwa nawaambia wafikirie asubuhi ya kwenda shule. Unavaa sweta kwanza, koti juu yake. Ukirudi unavua koti kwanza ndo sweta. Angalia x imevalishwa nini: kwanza imezidishwa kwa 3, halafu imejumlishwa 7. Basi 7 ndo koti, inatoka kwanza.

Na hapa niseme kidogo kuhusu MAGAZIJUTO maana wanaitegemea sana. Ndo mpangilio wa kipi kianze kwenye hesabu: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni msaada mzuri lakini mtoto akiishika neno kwa neno atakwama kwenye 10 − 4 + 3. Atasema JU inakuja kabla ya TO, kwa hiyo 4 + 3 ni 7, 10 − 7 ni 3. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa wana cheo kimoja, unakwenda nao kutoka kushoto kwenda kulia kama unavyosoma. Kugawanya na kuzidisha hali kadhalika.

Twende kwenye swali la x pande zote:

5x − 4 = 2x + 14

Wengi wanaganda hapa kwa sababu wanaona x mbili na hawajui ipi ndo x yenyewe. Zote ni ileile, uzito uleule. Kushoto vifuko vitano, kulia viwili. Toa vifuko viwili kila upande, kulia vitaisha kabisa, kushoto vitabaki vitatu. Nashauri siku zote utoe x za upande wenye chache ili usibaki na x hasi, siyo lazima ila inapunguza makosa.

5x − 2x − 4 = 2x − 2x + 14
3x − 4 = 14
3x − 4 + 4 = 14 + 4
3x = 18
x = 6

Afu usifunge daftari. Rudisha 6 kwenye swali la mwanzo, siyo kwenye mstari wa tatu, kwenye swali lenyewe kama lilivyo kitabuni. Kushoto 5 × 6 − 4 = 26. Kulia 2 × 6 + 14 = 26. Zimelingana, lala salama. Hii kuhakiki inachukua nusu dakika na sielewi kwa nini haisisitizwi zaidi, maana ni somo nadra ambalo mtoto anaweza kujisahihisha mwenyewe usiku nyumbani bila mwalimu, bila mamdogo, bila bando.

Sasa namba hasi na mabano, hapa ndo penye mwiba na hapa nitakaa.

Kwanza hasi. Kuna msemo unazunguka shuleni, "hasi na hasi inakuwa chanya". Mtoto anauchukua anaupeleka kila mahali, akikuta −3 − 4 anaandika +7. Msemo huo ni wa kuzidisha na kugawanya tu. Kwa −3 − 4 mwambie hivi: unadaiwa elfu 3 dukani, leo umekopa tena elfu 4, unadaiwa ngapi? Elfu 7. Basi ni −7, deni juu ya deni. Na −3 + 4? Unadaiwa elfu 3, umepata elfu 4, ukilipa unabaki na elfu 1. Hakuna mtoto wa Mbeya asiyejua daftari la madeni la dukani, tumia hilo, ule mstari wa namba uje baadaye.

Na mabano yenye alama ya kutoa mbele yake:

10 − 3(x − 4) = 1

Makosa mawili ya kila siku. La kwanza, mtoto anafanya 10 − 3 anapata 7, anaandika 7(x − 4) = 1. Hapana, ile 3 imeshikana na mabano kwa kuzidisha, na kuzidisha kunatangulia kutoa, 10 haina ruhusa ya kuigusa bado. La pili ndo baya zaidi kwa sababu linafanana na ukweli: anafungua mabano anaandika 10 − 3x − 12 = 1. Anapata −3x = 3, x = −1. Ukimuuliza kwa nini −12 anasema kwa sababu kuna kutoa hapo na kutoa hapo.

Nilimpa hadithi ya sokoni. Umeenda Mwanjelwa na elfu 10, unataka masweta matatu ya mitumba. Muuzaji katajia kila sweta bei ileile, x. Umebembeleza, unajua wenyewe, kakupunguzia elfu 4 kwa kila sweta. Umelipa, umerudi na elfu 1. Hiyo ndo 10 − 3(x − 4) = 1, namba ni za maelfu. Sasa nifungulie mabano kwa akili ya sokoni. Kama ungelipa bei aliyotaja yote, zingekutoka 3x. Lakini kakupunguzia 4 mara tatu, kwa hiyo elfu 12 hazikutoka, ziko mfukoni kwako. Unaandika 10 − 3x halafu 12 unaitoa tena au unairudisha? Akajibu hata kabla sijamaliza, "Inarudi, mamdogo, si ni punguzo!" Basi:

10 − 3x + 12 = 1
22 − 3x = 1
22 − 3x + 3x = 1 + 3x
22 = 1 + 3x
21 = 3x
7 = x

Sweta lilitajwa elfu 7, umelipia elfu 3, matatu ni elfu 9, imebaki elfu 1. Na yule wa x = −1? Mrudishe kwenye swali: 10 − 3(−1 − 4) ni 10 − 3 × (−5), ni 10 + 15, ni 25. Siyo 1. Mizani imelala, rudi ukatafute ulipokosea. Na angalia mstari wa tatu hapo juu, kwa kuwa −3x ni kitu kilichopungua, nimekirudishia pande zote mbili badala ya kuhangaika na x hasi. Al-Khwarizmi angeitambua hiyo hatua.

Sehemu. Watoto wakiona sehemu kwenye ikwesheni, yaani mlinganyo, wanakata tamaa kabla ya kuanza, wakati sehemu ndo rahisi kuondoa kuliko zote, unaziondoa zote kwa pigo moja. Unatafuta KDS ya namba za chini, kigawe kidogo cha shirika, kile cha shule ya msingi, unazidisha kila kipande cha ikwesheni.

x/3 + x/4 = 14

KDS ya 3 na 4 ni 12. Kila kipande mara 12, nasisitiza kila kipande, na ile 14 ya kulia imo:

4x + 3x = 168
7x = 168
x = 24

Hakiki: 24/3 ni 8, 24/4 ni 6, jumla 14. Anayesahau kuzidisha 14 anapata 7x = 14, x = 2, na 2/3 + 2/4 haifiki hata 2, achilia mbali 14.

Hii nyingine ndo hupenda kutokea kwenye mitihani kwa sababu inakusanya mitego yote:

(x + 1)/2 − (x − 2)/3 = 3

Zidisha kila kipande kwa 6. Mstari wa sehemu unafanya kazi ya mabano, kwa hiyo ukiufuta ule mstari lazima uweke mabano mahali pake, usipoweka umeumia.

3(x + 1) − 2(x − 2) = 18
3x + 3 − 2x + 4 = 18
x + 7 = 18
x = 11

Ile +4 ni masweta tena, punguzo linarudi. Ukihakiki, 12/2 ni 6, 9/3 ni 3, 6 − 3 = 3.

Kabla sijaenda kwenye maswali ya maneno kuna jambo la lugha. Mtoto katoka msingi anafanya hisabati kwa Kiswahili, kafika sekondari kila kitu Kiingereza, na mara nyingi hesabu anaijua ila swali halijui. Mfundishe maneno machache ya amri. Swali likisema "solve" wanataka thamani ya x. Likisema "simplify" hawataki x, wanataka urahisishe tu, na hapo hakuna alama ya = wala hakuna kitu cha kufanya pande mbili kwa sababu pande mbili hazipo. Nimeona mtoto kapewa arahisishe 4x + 6 − x, kapata 3x + 6 sawa kabisa, afu akaendelea akaandika 3x = −6, x = −2, kwa kuwa aliona haijaisha. Ilikuwa imeisha. Na "5 less than x" inaandikwa x − 5, siyo 5 − x, hata kama 5 imetangulia kutajwa. Kwa Kiswahili ni namba iliyopungua x kwa 5. Mwambie aiseme kwanza kwa Kiswahili, ndo aandike.

Swali la umri sasa. Mama ana umri mara 3 ya mwanae. Baada ya miaka 12 atakuwa na umri mara 2 ya mwanae. Tafuta umri wa kila mmoja.

Usikimbilie ikwesheni. Chora vijisanduku vinne kwenye karatasi, mtoto leo, mama leo, mtoto baadaye, mama baadaye, jaza kimoja kimoja. Mtoto leo t. Mama leo 3t. Mtoto baada ya miaka 12 ni t + 12. Mama 3t + 12. Sentensi ya pili inasema mama baadaye ni mara 2 ya mtoto baadaye:

3t + 12 = 2(t + 12)
3t + 12 = 2t + 24
t + 12 = 24
t = 12

Mtoto 12, mama 36, na baadaye 24 kwa 48, sawa. Asiyechora visanduku huwa anasahau kwamba na mtoto anakua, anaandika 3t + 12 = 2t, anapata t = −12, mtoto ambaye bado miaka 12 azaliwe. Ukipata kitu kama hicho usikifute haraka, kinakuonyesha palipokosewa: mama kaongezewa miaka, mtoto kaachwa palepale.

Ikwesheni mbili zenye herufi mbili nitazieleza kwa biashara yangu maana ndo ninavyozielewa. Mteja wa kwanza kachukua sado 2 za maharage (sado ni lile kopo la kupimia) na sado 3 za viazi, kalipa 25,000. Wa pili sado 1 ya maharage na sado 2 za viazi, kalipa 14,000. Bei nimezibuni ili hesabu ikae vizuri. Ya maharage m, ya viazi v, na tafadhali mtoto aandike mwanzoni kabisa kwamba m ni bei ya sado moja ya maharage. Siyo "m ni maharage". Ukimwacha aamini m ni maharage, 2m inakuwa maharage mawili na hapo kashapotea.

2m + 3v = 25,000
m + 2v = 14,000

Fikiria mteja wa pili angenunua mara mbili ya alivyonunua. Angechukua sado 2 za maharage na sado 4 za viazi, angelipa 28,000:

2m + 4v = 28,000

Sasa mlinganishe na wa kwanza. Maharage sawasawa. Viazi kamzidi sado moja. Pesa kamzidi 3,000. Basi hiyo sado moja ya viazi ndo 3,000. Haihitaji fomula. Rudi kwa mteja wa pili, m + 6,000 = 14,000, m = 8,000. Hakiki kwa yule mteja ambaye hujamtumia mwishoni, yaani wa kwanza: 16,000 na 9,000 ni 25,000. Kitabuni watakwambia toa ikwesheni moja kwenye nyingine, na ni hichohicho tulichofanya, ila ukitoa hakikisha unatoa kila kipande na alama yake, kukiwa na hasi pale ndo watu wanateleza.

Kaka wa yule binti wa dada yangu yuko fomu tuu, alikuwa kakaa pembeni anajifanya anachoma mahindi kumbe anasikiliza. Kauliza la kwake: kwa nini (x + 3)² siyo x² + 9? Nikamwambia jaribu na 1. (1 + 3)² ni 16. 1 + 9 ni 10. Haziko sawa, basi haiwezi kuwa. Na hilo la kujaribu na namba ndogo litumie popote ukiwa na wasiwasi na sheria, linakata ubishi palepale. Lakini alitaka kujua 6 nyingine zimepotelea wapi. Nikachora kwa kijiti kwenye majivu: bustani ya mraba, upande x. Umeongeza mita 3 kwa upana na mita 3 kwa urefu. Gawa hilo shamba jipya. Kuna bustani ya zamani, x kwa x. Kuna kipande cha ubavuni, 3 kwa x. Kuna kingine cha juu, 3 kwa x. Na kuna kakona kadogo, 3 kwa 3. Vipande vinne. Anayeandika x² + 9 kahesabu bustani ya zamani na kile kikona, vile viwili virefu kavisahau, 3x na 3x. Kwa hiyo x² + 6x + 9. Ukiweka 1, 1 + 6 + 9 ni 16.

Akaleta na homuweki yenyewe: bustani ya mchicha, urefu unazidi upana kwa mita 3, eneo mita za mraba 40, tafuta upana na urefu. Upana x, urefu x + 3.

x(x + 3) = 40

Hapa alikuwa kaandika x = 40 na x + 3 = 40. Hiyo mbinu ya kutenganisha inakubali sifuri tu, kwa sababu vitu viwili vikizidishwa vikatoa sifuri lazima kimoja chao ni sifuri, lakini vikitoa 40 vinaweza kuwa 4 na 10, 2 na 20, 5 na 8, chochote. Ndo maana tunasogeza mpaka upande mmoja ubaki sifuri, toa 40 kila upande:

x² + 3x − 40 = 0

Tafuta namba mbili, ukizizidisha −40, ukizijumlisha 3. Usikae unawaza hewani, andika jozi za 40: 1 na 40, 2 na 20, 4 na 10, 5 na 8. Zikizidishwa ni hasi kwa hiyo moja ni hasi moja chanya, tofauti yao iwe 3, basi ni 8 na −5.

(x + 8)(x − 5) = 0
x = −8 au x = 5

Alitaka kufuta −8 kimyakimya. Nikamzuia, andika zote mbili, ikwesheni imezitoa zote kihalali, afu chini yake andika kwa maneno kwa nini moja unaiacha. Akaandika, mwandiko wake mbaya uleule, lakini sentensi nzima: upana wa bustani hauwezi kuwa hasi, kwa hiyo x = 5. Upana mita 5, urefu mita 8, na 5 × 8 = 40.